Tribon: Joho Lililochakaa na Watu Waliolivaa

Msimu wa mahafali ukifika, kuna neno moja linalofanya kazi kuliko mengine yote chuoni: joho. Majoho yameshafika? Kukodi ni shilingi ngapi? Nani kapiga picha na joho kabla majina ya wahitimu hayajatoka? Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, ambako *jukh* ni kitambaa kizito cha sufu. Watu wa pwani walilitumia kwa vazi refu la nje, lililo wazi mbele, ambalo mtu wa heshima alilivaa juu ya kanzu siku ya sikukuu au harusi. Vyuo vikuu vilipokuja na mavazi yao, neno lilikuwa tayari linasubiri.

Makala haya yanahusu neno jingine la vazi la nje, la mbali zaidi: *tribon*, neno la Kigiriki cha kale (τρίβων). Kwa zaidi ya miaka 800 neno hili lilitumika kutaja nguo iliyochakaa. Maskini aliivaa kwa sababu hana nyingine, mwanafalsafa aliivaa kwa sababu hataki nyingine, na mwisho mwanafunzi wa Athens hakuruhusiwa kuivaa mpaka apitishwe na wenzake. Namna neno moja lilivyohama kutoka kwenye umaskini hadi kwenye cheo ni jambo linalotuhusu sisi tunaosubiri joho, na hata sisi ambao bado tunapambana na sapu.

Kwanza tuzijue nguo

Mgiriki wa kawaida wa karne ya 5 KK alikuwa na nguo mbili. Ya ndani iliitwa *chiton*, ya kitani au sufu, iliyofungwa mabegani na kukazwa kwa mkanda. Ya nje iliitwa *himation*. Himation haikushonwa wala kukatwa. Ilikuwa kipande cha sufu chenye pembe nne, kinachotoka kwenye kitanda cha mfumi moja kwa moja hadi mwilini. Unakitupa juu ya bega la kushoto, unakizungusha mgongoni, unakipitisha juu au chini ya mkono wa kulia, kisha ncha inarudi kushoto. Aliyewahi kuvaa shuka lubega ameshaelewa. Asiyewahi amtazame Mmasai njiani.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union walikutana na nguo hizi mbili katika Agano Jipya, wakaziita kanzu na joho. Ukijua hilo, utaona kitu ambacho wasomaji wengi hukipita. Katika Mathayo 5:40 kanzu inatajwa kwanza kisha joho, ila katika Luka 6:29 joho linatangulia. Mathayo anazungumzia kushtakiwa mahakamani: mdai anataka chiton, nawe umpe na himation, ambayo kwa sheria ya Musa haikutakiwa kulala kwa mdai usiku kwa sababu ndiyo blanketi la maskini. Luka anazungumzia kunyang'anywa, na mnyang'anyi huanza na nguo ya nje. Mpangilio wa nguo mwilini unaeleza mpangilio wa maneno.

Kuvaa himation kulikuwa ujuzi, tena watu walikuhukumu kwa ujuzi huo. Plato katika *Theaetetus* anamtaja mtu asiyejua kulitupa vazi lake upande wa kulia kama muungwana. Aristophanes, katika mchezo wa *Ndege*, anamweka mungu Poseidon amkaripie mungu wa kishenzi aliyevaa nguo yake kushoto. Theophrastus, akichora tabia ya mtu wa shamba, anasema huketi na vazi likiwa limepanda juu ya magoti, kila kitu nje. Hata siasa ilipimwa hapo. Aristotle anaeleza kwamba Kleon ndiye wa kwanza kupiga kelele jukwaani na kuhutubia vazi likiwa limefungwa kiunoni, wakati waliomtangulia walisimama kwa adabu.

Kulikuwa na nguo nyingine za nje pia. *Chlamys* ilikuwa fupi, ikabanwa kwa pini begani, na ilikuwa ya wapanda farasi, wasafiri na wanajeshi. Vijana wa Athens wa miaka 18 waliokuwa kwenye miaka yao miwili ya mafunzo ya kijeshi na ulinzi walivaa hiyo. Washairi wa zamani walikuwa na *chlaina*, nzito ya baridi. Na chini kabisa ya orodha, mahali ambapo hakuna mtu aliyepataka, ilikaa tribon.

Neno la kusugua

Tribon inatokana na kitenzi *tribo*, yaani kusugua, kuparuza, kuchakaza. Tribon ni nguo iliyosuguliwa na miaka hadi manyoya ya sufu yakaisha, ikabaki nyuzi tupu. Haikuwa na mtindo wake. Himation yoyote ikiishi vya kutosha huishia kuwa tribon.

Sasa utamu wa neno uko hapa. Kigiriki kilitumia neno hilohilo kwa mtu. Mtu akiwa *tribon* wa jambo fulani, maana yake amelizoea, amesuguana nalo hadi amelijua. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa hilo, kwa sababu Kiswahili kimefanya jambo lilelile. Kutoka kusugua tumepata sugu, ile ngozi ngumu ya mkononi mwa mkulima, na kutoka hapo tunamwita mtu sugu. Tofauti ni kwamba sugu wetu mara nyingi ni mkaidi asiyesikia, wakati sugu wa Wagiriki alikuwa fundi aliyebobea.

Aristophanes hakuiacha nafasi hiyo ipite. Katika mchezo wa *Mawingu*, uliooneshwa mwaka 423 KK, Socrates analalamika kwamba kijana aliyeletwa shuleni kwake bado ni mchanga, hajawa tribon wa vikapu vinavyoning'inizwa pale. Kijana anajibu kwamba Socrates mwenyewe angekuwa tribon kamili kama angetundikwa. Mmoja anasema mzoefu, mwingine anasikia nguo kuukuu kwenye kigingi. Ndani ya mchezo huohuo baba wa kijana anaingia shuleni na himation, anaambiwa aivue, na hatoki nayo. Akiulizwa imekwenda wapi anadai hakuipoteza, ila ameitumia kwenye kufikiri. Kila anayelipa ada ataicheka hiyo kwa uchungu kidogo.

Tusidhani kupoteza himation ulikuwa utani tu. Katika mchezo wa *Utajiri* wa mwaka 388 KK, kijana anamwomba bibi anayemfadhili drakma 20 za himation na drakma 8 za viatu. Miaka 20 kabla ya hapo, fundi aliyejenga hekalu la Erechtheion kule Athens alilipwa drakma moja kwa siku. Basi nguo moja ni kama siku 20 za jasho. Ndiyo maana wezi wa nguo walikuwa na jina lao kisheria, *lopodytes*, na sheria ya Athens iliwaweka pamoja na watekaji wa watu. Aliyekamatwa na kukiri aliuawa bila kesi. Katika mji wa namna hiyo, mtu anayetembea na tribon anakuambia jambo zito kuhusu mfuko wake.

Wasparta na walioigiza Usparta

Hatua ya kwanza ya kubadilika kwa neno ilianzia Sparta. Xenophon, aliyeifahamu Sparta vizuri, anaeleza kwamba vijana wa huko walipewa himation moja kwa mwaka mzima, kiangazi na baridi. Plutarch anaongeza kwamba walipofika umri wa miaka 12 waliacha chiton kabisa. Hawakuwa maskini. Lengo lilikuwa mwili uzoee. Hivyo nguo iliyochakaa ikawa pia ishara ya mtu mgumu, asiyelalamika.

Na ishara ikishakuwepo, wapo watakaoitaka bila gharama yake. Athens ilikuwa na vijana wa familia nzuri walioihusudu Sparta wakavaa tribon kama fasheni. Tunawajua kupitia kesi. Katika karne ya 4 KK, kijana mmoja aitwaye Ariston alikuwa akitembea sokoni jioni na rafiki yake. Baba mmoja, Konon, pamoja na mwanawe na genge lao, wakamvamia. Walimvua himation, wakamwangusha kwenye matope, wakampiga hadi mdomo ukachanika na macho yakafunga. Konon akasimama juu yake akapiga viwiko ubavuni na kuwika kama jogoo aliyeshinda pambano. Ariston alibebwa nyumbani uchi; nguo yake walikwenda nayo.

Hotuba ya mashtaka iliandikwa na Demosthenes, na imebaki hadi leo. Anapofika kwenye mashahidi wa Konon, anawaonesha mahakama ni watu gani: mchana wananuna, wanavaa tribon na viatu vya soli moja wakijifanya Wasparta, lakini wakikutana wenyewe kwa wenyewe hakuna uovu wanaouacha. Hapa kwa mara ya kwanza tunaiona tribon ikitumika kama kifuniko. Nguo ya anayejinyima imevaliwa na asiyejinyima kitu.

Socrates, na tundu la Antisthenes

Socrates alikuwa na nguo moja. Xenophon anaripoti kwamba mwalimu mshindani, Antiphon, alimshambulia kwa hilo: unavaa himation mbaya, ileile kiangazi na baridi, huna viatu wala chiton, na kama wanafunzi huiga walimu wao basi wewe unafundisha mateso. Jibu la Socrates kwa ufupi ni kwamba asiyehitaji vingi hazuiwi na vingi. Katika *Karamu* ya Plato, Alkibiades, tajiri na mzuri wa sura kuliko wote mjini, anasimulia alivyojiingiza chini ya tribon ya Socrates usiku mzima wa baridi akitaka kumtongoza, na hakuna lililotokea. Anasimulia pia kwamba kwenye vita ya Potidaia, wenzao wakiwa wamejifunga manyoya miguuni, Socrates alikanyaga barafu peku na vazi lake lilelile.

Socrates hakutangaza nguo yake. Alikuwa nayo tu. Mfuasi wake Antisthenes akaenda hatua mbele. Inasimuliwa kwamba aligeuza sehemu iliyochanika ya vazi lake iwe nje, ionekane. Socrates alipoona akamwambia kwamba kupitia tundu lile anaiona tamaa yake ya kusifiwa. Sijui kama kuna onyo fupi zaidi ya hilo kwa yeyote anayefanya unyenyekevu wake uwe wa hadhara.

Kisha akaja Diogenes wa Sinope, ambaye alilala popote usiku ulipomkuta. Alikunja tribon yake mara mbili ili iwe nguo mchana na godoro usiku. Akaongeza fimbo na mkoba wa chakula. Vitu hivyo vitatu, vazi lililokunjwa, fimbo na mkoba, vikawa sare ya wafuasi wake, Wakyniko, kwa miaka mia nyingi. Kila kimoja kilikuwa na kazi. Jambo la kukumbuka ni hilo: sare ya kwanza ya falsafa ilianza kama suluhisho la mahali pa kulala.

Hipparchia

Mpaka hapa wote ni wanaume, na himation zao zote zilifumwa na wanawake. Kazi ya mwanamke wa Kigiriki ilikuwa sufu: kusokota nyuzi, kusimama mbele ya kitanda cha mfumi, kuvisha nyumba nzima. Alifuma vazi la mwanafalsafa lakini falsafa yenyewe haikuwa yake.

Hipparchia wa Maroneia, mwishoni mwa karne ya 4 KK, aliukataa mgawanyo huo. Alimpenda Krates wa Thebes, Mkyniko aliyegawa mali yake yote. Wazazi wakamsihi Krates amkatishe tamaa binti yao. Krates akavua nguo zake mbele ya msichana, akamwambia huyu ndiye bwana harusi na hii ndiyo mali yake, aamue. Hipparchia akaamua. Akavaa nguo ileile aliyovaa mumewe, akaenda naye hadharani na kwenye karamu ambazo wake za watu hawakwenda.

Kwenye karamu moja alimbana kwa hoja mwanafalsafa aitwaye Theodoros. Theodoros aliposhindwa kujibu hoja, alishika vazi lake akajaribu kumvua. Hipparchia hakutetemeka wala kuona haya. Theodoros akamtania kwamba huyu ndiye aliyeacha kitanda cha mfumi, naye akauliza kama ni vibaya kwamba muda ambao angeupoteza kwenye kufuma ameutumia kujielimisha. Hoja ilijibiwa kwa mkono kwenye nguo. Dada yeyote aliyewahi kusimama kwenye semina akajibiwa kuhusu sketi yake badala ya mada yake ataijua hiyo karamu bila kuelezwa zaidi.

Nguo inakuwa kitambulisho

Dola ya Roma ilipoitawala Ugiriki, tribon ilikuwa imeshakomaa kuwa alama ya kazi. Ukiona ndevu, fimbo na tribon, huyo ni mwanafalsafa, kama leo ukiona koti jeupe na stethoskopu. Warumi kwa Kilatini waliita vazi la Kigiriki *pallium*. Marcus Aurelius, kabla hajawa kaisari, alilivaa akiwa na miaka 12 na kulala chini, mpaka mama yake akamwomba akubali kitanda. Justin, mwandishi Mkristo wa karne ya 2 BK, aliendelea kulivaa baada ya kubatizwa. Mazungumzo yake na Trypho Myahudi yanaanza kwa Trypho kumsalimia kwa sababu ya vazi hilo tu. Na kwenye bara letu, Tertullian wa Carthage, katika Tunisia ya leo, aliandika kitabu kizima kidogo, *De pallio*, kueleza kwa nini ameacha toga ya Kirumi akavaa pallium.

Ila kitambulisho ni kitu cha kughushiwa. Lucian, mwandishi wa kejeli wa karne ya 2 BK, aliandika mara kwa mara kuhusu watumwa na mafundi waliogundua kwamba tribon, fimbo na mkoba vinalipa kuliko kazi. Na Aulus Gellius anasimulia kuhusu Herodes Atticus, tajiri na msomi mkubwa wa Athens wa wakati huo. Mtu mwenye pallium na ndevu hadi kiunoni alimjia akaomba hela ya mkate. Herodes akamuuliza yeye ni nani. Mtu akakasirika: ni mwanafalsafa, mbona unauliza unachokiona? Herodes akajibu kwamba anaona ndevu na vazi, mwanafalsafa bado hajamwona. Kisha, na hapa wengi hukatisha hadithi, akampa hela ya mkate wa siku 30. Alisema anampa kwa sababu yeye Herodes ni binadamu, siyo kwa sababu ya sifa za anayepewa. Alikataa dai la nguo bila kumwacha mtu na njaa.

Wakristo nao walirithi tatizo hilohilo. Watawa walipoanza kuvaa vazi la kujinyima, mtaguso wa Gangra wa karne ya 4 ulilazimika kumlaani mwanamume anayevaa vazi la aina hiyo akidhani linampa utakatifu, huku akiwadharau wanaomcha Mungu katika nguo za kawaida. Tundu la Antisthenes lilikuwa bado linachungulia, miaka zaidi ya 700 baadaye.

Mwaka wa kwanza kule Athens

Sasa tufike chuoni. Katika karne ya 4 na ya 5 BK, Athens ilikuwa mji wa wanafunzi. Vijana walitoka Syria, Misri, Armenia na Asia Ndogo kuja kusoma ufasaha na falsafa, na walimu walishindana kuwapata. Wanafunzi wa zamani walikwenda hadi bandarini kuwavizia wageni. Libanius wa Antioch, aliyefika mwaka 336, alikuwa ameshachagua mwalimu wake akiwa kwao. Kundi la mwalimu mwingine likamkamata na kumshikilia mpaka akaapa kubaki kwao.

Kisha ilikuja sherehe ya bafu. Mwanahistoria Olympiodorus, aliyefika Athens mwanzoni mwa karne ya 5, ameieleza. Hakuna aliyeruhusiwa kuvaa tribon mjini humo, hasa mgeni, mpaka walimu wakubali na taratibu zao zitimizwe. Mwanafunzi mpya aliongozwa kwa maandamano hadi bafu la umma. Waliokuwa mbele walimsukuma aingie, wengine wakakimbia kumzuia wakipiga kelele kwamba haogi huyu, simameni. Baada ya mvutano mrefu, akaingizwa chumba cha moto, akaoga, akavishwa tribon, akatoka nje kwa heshima akisindikizwa. Halafu, usishangae, gharama zilimhusu yeye mwenyewe.

Gregory wa Nazianzus, aliyesoma huko miaka ya 350, anaeleza sherehe hiyohiyo na kusema kwamba kwa asiyeijua inatisha sana, ila kwa anayeijua inachekesha, kwani vitisho vyake ni vingi kuliko madhara. Rafiki yake Basil alipokaribia kufika, Gregory alizunguka kwa wenzake akawaomba wamwache, kwa kuwa alikuwa kijana wa kutulia. Basil akawa karibu mtu pekee aliyepita bila kusukumwa. Wote wawili wakawa maaskofu wakubwa. Kwa hiyo hata watakatifu walihitaji mtu wa kuwaombea mwaka wa kwanza.

Tazama safari ya neno sasa. Diogenes alivaa tribon bila kumwomba mtu ruhusa, ndiyo ilikuwa maana yake yote. Miaka 700 baadaye, mwanafunzi anahitaji kibali, maandamano na risiti ili avae nguo ya ombaomba. Hapo tribon iliyokuwa mjini haikuwa imesuguliwa na chochote. Bila shaka wengi waliipata ikiwa mpya.

Joho letu

Mtu asije akasema nimedai kwamba joho la mahafali limetoka kwa Diogenes. Halikutoka huko. Majoho ya vyuo vikuu yametokana na mavazi ya makasisi na walimu wa Ulaya ya zama za kati, na yametufikia kupitia vyuo vya Uingereza. Kinachofanana ni kazi ya nguo. Kila jamii yenye wasomi imetafuta kitambaa cha kuwatambua, na kila kitambaa kimepata wa kukivaa bila kukistahili.

Kinachotofautiana ni jambo la kufikiria. Neno tribon liliheshimu muda: nguo ilithibitisha siku ngapi mtu amekaa ndani yake. Joho letu linathibitisha siku moja. Linakodishwa asubuhi, linarudishwa jioni likiwa halina hata doa, na wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sisemi joho halina thamani. Kwa mzazi aliyeuza ng'ombe, au mama aliyeuza maandazi miaka mitatu, picha ile ya ukutani ni haki yake kabisa. Nasema tu kwamba sehemu iliyosuguliwa haipo kwenye joho. Ipo kwenye soli za viatu vinavyopanda mlima kwenda maktaba, kwenye kava la daftari, na kwenye lile shati la mtumba ambalo umelivalia presentesheni zote tangu muhula wa kwanza.

Eunapius, aliyeandika maisha ya walimu wa Athens, ana hadithi moja inayopaswa kubandikwa kwenye kila hosteli ambako watu wanabebana. Prohaeresius kutoka Armenia na rafiki yake Hephaestion walikuwa wanafunzi wawili bora kwa mwalimu wao, na walioshindana pia kwa umaskini. Wawili hao walikuwa na himation moja na tribon moja tu, pamoja na mablanketi matatu au manne yaliyokwisha rangi na unene. Prohaeresius akienda darasani amevaa, Hephaestion anabaki chini ya mablanketi akisoma. Siku inayofuata wanabadilishana. Mji uliwaona wawili, ila kwa zamu.

Prohaeresius baadaye akawa mwalimu mashuhuri kuliko wote Athens, na Roma ikamsimamishia sanamu ya shaba ya kimo chake. Kaisari Constans alimwita Gaul, Ufaransa ya leo, na watu wa huko wakashangaa kumwona mzee mwenye jina kubwa akitembea wakati wa baridi bila viatu, katika nguo nyepesi. Mwaka 362 kaisari Julian alipowazuia Wakristo kufundisha, Prohaeresius, ambaye alikuwa Mkristo, aliachia kiti chake. Jerome anaandika kwamba Julian alikuwa tayari kumwacha aendelee, yeye peke yake, lakini alikataa.